Gari linaposaga: Sikiliza klachi kabla ya kushusha giaboksi

MCHANGA wa Msimbati, kijiji kilichomo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma iliyoanzishwa mwaka 2000, humfurahisha mgeni lakini ni adui wa klachi. Dereva huzama, hukanyaga mafuta huku pedeli ya klachi ameishikilia nusu, hunasuka, na baada ya siku chache gari huanza kutoa mlio wa kusaga. Akifika gereji Mtwara mjini, huenda jibu la kwanza likawa kwamba giaboksi imekufa.

Huenda ni kweli. Lakini bei ya giaboksi na bei ya beringi ya klachi ni mbingu na ardhi, na kwa mji ulio zaidi ya kilomita 550 kutoka Dar es Salaam, kuagiza spea isiyohusika ni kungoja mzigo mara mbili. Uchunguzi wa awali hauhitaji kifaa chochote. Gari lisimame mahali tambarare, breki ya mkono ivutwe, gia iwe huru na injini iungurume polepole.

Mguu ukiwa mbali na pedeli, klachi imeshikana na injini, hivyo shafti inayoingia kwenye giaboksi inazunguka. Pedeli ikikanyagwa hadi mwisho, shafti hiyo husimama, na mzigo hubebwa na beringi ya klachi, ile inayosukuma presha pleti. Kwa hiyo mlio unaosikika mguu ukiwa nje, kisha ukatoweka pedeli inapokanyagwa, unatoka ndani ya giaboksi, kwa kawaida kwenye beringi ya shafti hiyo. Mlio unaoanza pedeli inapokanyagwa unaelekeza kwenye beringi ya klachi. Ukisikika tu pedeli inapofika chini kabisa, ishukiwe pia beringi ndogo iliyo katikati ya flaiwili, kwa magari yaliyo nayo. Tahadhari moja: baadhi ya magari ya dizeli hutoa mtatariko hafifu wa meno gia ikiwa huru, na huo si ugonjwa. Magari ya otomatiki hayana pedeli hii, hivyo vipimo hivi haviyahusu.

Kusaga wakati wa kuingiza gia ni jambo jingine. Hapo shahidi mzuri ni gia ya kurudi nyuma, kwa kuwa katika magari mengi haina sinkro. Kanyaga klachi hadi mwisho, subiri sekunde kumi, kisha ingiza gia hiyo. Ikisaga hata baada ya kusubiri, shafti bado inaburutwa: klachi haiachii sawasawa. Kabla ya kufungua nati yoyote, angalia kiwango cha mafuta ya klachi na uvujaji kwenye silinda ya juu na ya chini, au urefu wa kebo kwa magari yanayotumia kebo. Lakini ikiwa ya nyuma inaingia kimya na inayosaga ni namba mbili peke yake, sinkro ya gia hiyo ndiyo iliyochoka.

Mlio unaofuata mwendo wa gari, na usiobadilika klachi inapokanyagwa huku gari likiserereka, mara nyingi hauko kwenye klachi. Hapo zichunguzwe difu, krosi za propela na beringi za magurudumu.

Kwa ukanda huu, oili ya giaboksi ina habari zaidi ya kawaida. Giaboksi iliyopata moto ikizamishwa ghafla katika maji, hewa iliyo ndani hupoa, hunywea na kunyonya maji kupitia kipumulio na sili. Oili hugeuka rangi ya maziwa, na maji yakiwa ya chumvi, beringi huanza kuliwa na kutu. Aliyepitisha gari kwenye maji ya bahari akague oili siku hiyo hiyo, asingoje sevisi. Chengachenga za rangi ya shaba huashiria sinkro. Vipande vya chuma huashiria meno au beringi. Ute mwembamba wa kijivu kwenye sumaku ya nati ya kumwagia oili ni wa kawaida.

Ikibidi giaboksi ishushwe, klachi pleti, presha pleti na beringi zibadilishwe pamoja hata kama kibovu ni kimoja, kwa sababu gharama ya kazi ni ile ile. Flaiwili nayo ikaguliwe kama imeungua, na mwenye gari aombe kuoneshwa spea za zamani.

Anayerudi Msimbati apunguze upepo wa matairi kabla ya kuingia mchangani. Akizama achimbe mbele ya magurudumu, aachie klachi moja kwa moja badala ya kuishikilia, na ajaze upepo tena kabla ya kurudi kwenye lami.