Waliozama Pamoja

Msomaji, ukivuka kwa feri kutoka Likoni kwenda kisiwani Mombasa, utaiona bandari ya Kilindini mkono wa kushoto, na mkono wa kulia mlango wa bahari. Kila meli kubwa itokayo Kilindini haina budi kupita hapo feri inapokatiza.

Mwanzoni mwa Februari 1944 ilipita hapo Khedive Ismail, meli ya abiria, ikiwa katika msafara wa meli kadhaa. Ilichukua watu zaidi ya 1,500: mabaharia, wanawake ambao wengi wao walikuwa wauguzi, na mamia ya askari wa Kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika ya Mashariki. Walikuwa wakienda Ceylon, iitwayo leo Sri Lanka, ambako majeshi yetu yalikuwa yakijiandaa kupigana na Wajapani katika Burma.

Tarehe 12, baada ya adhuhuri, karibu na visiwa vya Maldives, nyambizi ya Kijapani, I-27, iliipiga meli hiyo. Ilizama kabla ya dakika tatu kwisha. Kisha nyambizi ikajificha kilindini, na juu yake wakawa wakielea walionusurika, wakingoja kuokolewa. Manowari za Kiingereza Petard na Paladin zilikuwa zikiulinda msafara. Nyambizi ikiachwa, ingezamisha meli nyingine. Basi mabomu yakatupwa majini, na baadhi ya waliokuwa wakiogelea wakauawa na silaha za upande wao wenyewe. Mimi siwezi kuwahukumu makamanda wale. Lakini naona vigumu kuisoma habari hii harakaharaka, kama isomwavyo katika vitabu vingi.

Hatimaye I-27 nayo ikazamishwa. Wajapani karibu 100 walikufa; aliyeokoka ni mmoja. Katika Khedive Ismail walikufa takriban 1,300, na kati yao wanawake 77.

Majina ya askari wa Kikosi cha 301 waliokufa yamechorwa katika ukumbusho wa mashujaa uliomo katika makaburi ya vita, Ngong Road, Nairobi, kwa sababu hawana kaburi jingine. Mimi ningependa liwepo jiwe lao Likoni pia, na juu yake watajwe hata mabaharia wa I-27.

Pengine utauliza, adui naye atajwe kwa nini? Sikiliza habari ya nyambizi hiyohiyo. Mwaka 1942 ilipeleka chombo kidogo cha watu wawili kushambulia bandari ya Sydney, Australia. Chombo kilinaswa wavuni, nao wakajilipua. Usiku uleule chombo kingine cha Kijapani kilisababisha vifo vya mabaharia 21 bandarini. Hata hivyo, maiti za Wajapani wanne zilipoopolewa, Amiri Muirhead-Gould aliamuru wafanyiwe mazishi ya heshima, majeneza yamefunikwa bendera ya Japani, na bunduki zikalia. Watu wengi walinung'unika. Yeye akajibu kwamba ushujaa wa namna ile si urithi wa taifa moja. Mwaka uohuo majivu yao yakarudishwa Japani kwa jamaa zao.

Huko Maldives hapakuopolewa majeneza. Ukipata nafasi ya kufika Ngong Road, litafute jina la kikosi hicho, kisha usome majina machache kwa sauti.