Asili ya "Whom" na Mzigo Wake kwa Mfasiri

Miongoni mwa maswali yafikayo mezani petu mara kwa mara, limo moja ambalo kwa kulitazama juu juu ni dogo mno kustahili makala. Walimu huuliza ni wakati gani mwanafunzi aandike "who" na ni wakati gani aandike "whom". Wafasiri nao huuliza ni neno gani la Kiswahili lisimame mahali pa hilo la pili, maana "nani" na "ambaye" wamekwisha kuyatumia kwa la kwanza. Swali la walimu hujibiwa kwa kanuni iliyomo katika vitabu vingi vya darasani: "who" ni ya mtenda, na "whom" ni ya mtendwa. Kanuni hiyo si uongo. Lakini hufundishwa kana kwamba imekuwapo vile vile tangu lugha ya Waingereza ilipoanza kusemwa, na hapo ndipo penye kosa. Kosa hilo ndilo linalomfanya mfasiri wetu atafute katika Kiswahili kitu kisichokuwapo, akaacha kukitazama kilichopo.

Kiingereza cha Kale, yaani kile kilichosemwa kabla ya Wanormandi kuiteka Uingereza mwaka 1066, kilikuwa lugha yenye maumbo mengi ya uhusika. Nomino na kiwakilishi vilibadili umbo kwa kadiri ya kazi yake katika sentensi. Kiulizi cha mtu kilikuwa "hwa" kilipokuwa kiima. Kilikuwa "hwone" kilipomtaja mtendwa, mathalani mtu aliyeonwa au aliyepigwa. Na kilikuwa "hwam" kilipomtaja mtendewa, mathalani mtu aliyepewa kitu, au kilipofuata baadhi ya vihusishi. Msomaji ataona mara moja kwamba "whom" ya leo imetokana na "hwam", wala si na "hwone". Basi neno linalotetewa leo kuwa ndiyo alama halali ya mtendwa lilikuwa, kwa asili yake, neno la mtendewa. Baada ya uvamizi ule, viambishi vya mwisho vilizidi kufifia katika matamshi, na maumbo ya mtendwa yakamezwa na yale ya mtendewa. "Hwone" ikatoweka na "hwam" ikakalia kiti chake, kama vile "him" ilivyoiondoa "hine". Hapakuwa na baraza la lugha la kuamua jambo hilo. Waliamua wasemaji wenyewe.

Tena yafaa ieleweke kwamba maneno haya hayakuwa virejeshi hapo kale. Kazi ya urejeshi ilifanywa na maneno mengine. Ni katika Kiingereza cha Kati ndipo yalipoanza kuishika, na "whom" ikatangulia. "Who" ilichelewa, ikazoeleka katika karne ya 15 na ya 16.

Kupotea kwa maumbo ya uhusika kulihamisha mzigo wote ukaangukia mpangilio wa maneno. Linalotangulia kitenzi likawa kiima, na linalokifuata likawa yambwa. Lakini kiulizi cha Kiingereza hupenda kukaa mwanzo wa sentensi, kiwe cha mtenda au cha mtendwa. Kwa hiyo katika sentensi kama "Who did you call?", maana yake "Ulimwita nani?", neno la mtendwa limeketi penye kiti cha kiima. Ulimi wa Mwingereza ulifuata kiti, haukufuata kazi. Shakespeare, ambaye tamthilia zake zilikusanywa na kuchapwa mwaka 1623, aliandika hivyo mara nyingi. Na mahali pengine alifanya kinyume chake, akaweka "whom" palipokuwa pa mtenda.

Kanuni kama tuijuavyo ilitiwa nguvu katika karne ya 18. Robert Lowth, padri na mtaalamu wa Kiebrania ambaye baadaye alikuwa Askofu wa London, alitoa kitabu chake cha sarufi mwaka 1762. Alipima Kiingereza kwa mizani aliyoizoea, ambayo ilikuwa ya Kilatini, na katika tanbihi zake akawasahihisha waandishi wakubwa mmoja mmoja. Hakuiacha hata Biblia ya Mfalme James ya mwaka 1611. Katika Mathayo, sura ya 16, pale Yesu anapowauliza wanafunzi wake watu humnena kuwa ni nani, wafasiri wa 1611 walikuwa wameandika "whom", ilhali sarufi yadai "who". Jambo hili lawahusu sana wenzetu wa kazi ya tafsiri. Matini ya Kigiriki hapo ina kiulizi katika umbo la mtendwa, kwa kuwa muundo wa Kigiriki wataka hivyo. Na yaelekea kabisa kwamba umbo hilo ndilo lililowavuta. Walihamisha umbo, wakadhani wamehamisha maana. Kosa hilo lilisimama kanisani kwa miaka 270, hata toleo lililorekebishwa la Agano Jipya lilipoliondoa mwaka 1881. Wafasiri wa Kiswahili walivuka mahali hapo bila kujikwaa, si kwa werevu wao tu, bali kwa sababu "nani" halibadiliki.

Si wote waliokubaliana na Lowth. Joseph Priestley, aliyetangulia kwa mwaka mmoja kutoa sarufi yake, alishikilia kwamba mazoea ya wasemaji ndiyo hakimu. Noah Webster wa Marekani aliandika mwaka 1789 kwamba "whom" mwanzoni mwa swali si Kiingereza cha watu wasemao. Lakini aliyeshinda ni Lindley Murray, Mmarekani aliyehamia York, ambaye mwaka 1795 alitunga sarufi kwa ajili ya shule ya wasichana ya hapo. Alichukua mengi kwa Lowth, akayapanga kwa namna ya kukaririwa, na kitabu chake kikachapwa tena na tena pande zote mbili za Atlantiki. Kitabu cha shule kina nguvu kuliko hoja ya mwanachuoni. Hilo sisi tutungao istilahi twalijua.

Matokeo yake hayakuwa usahihi mtupu. Msemaji aliyefundishwa kwamba "whom" ni ya wastaarabu huiweka hata isipostahili. Huandika "the clerk whom we believe took the money", naye amekusudia karani ambaye twaamini alichukua fedha. Karani huyo ndiye mtenda, kwa hiyo sarufi yataka "who". Fowler aliyalaani makosa ya namna hii katika kamusi yake ya matumizi ya mwaka 1926. Lakini Jespersen, mwanaisimu wa Denmark, alikuwa amekwisha kuutetea muundo huo miaka miwili kabla. Wakuu wawili wa fani moja, na mwanafunzi wetu wa kidato cha pili hutakiwa asisite!

Edward Sapir alitabiri mwaka 1921 kwamba miaka 200 hivi haitapita kabla "whom" haijawa kitu cha kale. Nusu ya muda huo imepita. Katika maswali ya mazungumzo neno hilo limekwisha kuwa geni, lakini linapofuata kihusishi moja kwa moja bado limesimama imara, na katika barua rasmi hapana budi kulitumia hapo. Mwalimu akianza na matumizi hayo, kisha akaonya juu ya "whom" isiyostahili, atakuwa amefundisha sehemu kubwa ya yanayohitajika.

Sasa tumrudie mfasiri. Kazi ya "whom" katika Kiswahili imo ndani ya kitenzi. "Mwalimu aliyeniita" na "mwalimu niliyemwita" hutofautishwa na kiambishi cha kiima na cha yambwa, wala hakuna neno la kuongeza. Ndiyo sababu "mjumbe ambaye Waziri atateua" husikika pungufu: mfasiri amekwisha kuiweka "ambaye" kuwa badala ya "whom", akadhani deni limelipwa, akaisahau ile "m" ya "atamteua". Penye kihusishi, kauli ya kutendea hutosha. Hatuhitaji "mtu ambaye kwake barua imeandikwa". Tunaye "mwandikiwa", neno ambalo kila karani hulijua.

Hata hivyo tusijisifu mno. Tuliwahi kuletewa rasimu ya kanuni za kamati fulani, iliyofasiriwa kutoka Kiingereza, yenye maneno haya: "Mjumbe aliyemteua mwenyekiti atahudumu kwa miaka mitatu." Wawili kati yetu waliisoma. Mmoja alielewa kwamba mjumbe ndiye aliyeteua. Mwingine, kwamba ndiye aliyeteuliwa. Wote wawili walikuwa sahihi. Mtenda na mtendwa wanapokuwa wa ngeli moja na nafsi moja, na kiima kikaja baada ya kitenzi, viambishi vyetu haviwezi kuwatenganisha. Katika "barua aliyoiandika karani" hapana shida, maana "a" ni ya karani na "i" ni ya barua. Kwa watu wawili shida ipo, na Kiingereza cha rasimu ile kilikuwa na "whom", neno moja lililokata shauri lote.

Wapo wazee wa lugha wasiopenda "amba-", wakisema ni nzito na yanuka ofisi. Twakubaliana nao kwa nusu. Asili yake ni kitenzi "kuamba", yaani kusema, kwa hiyo si mgeni nyumbani. Na hapa hufanya kazi ambayo kirejeshi cha ndani hakiiwezi, kwa kuwa "mjumbe ambaye mwenyekiti alimteua" na "mjumbe ambaye alimteua mwenyekiti" hayachanganyiki. Tuliwapelekea wenye rasimu sentensi hiyo ya kwanza, pamoja na nyingine fupi zaidi, "mjumbe aliyeteuliwa na mwenyekiti". Walichagua hiyo fupi. Kisha ikatubidi kuzipitia upya kurasa zote za rasimu, maana muundo ule ulikuwa umetumika mahali pengine sita, na katika viwili vya hivyo mwenyekiti ndiye aliyekuwa ameteuliwa.