Irabu Moja

Mwaka jana nilipata kibarua cha kutafsiri kijitabu cha kurasa 12 kutoka Kiingereza kwenda Kireno. Walengwa walikuwa wahudumu wa afya wa kujitolea, wazungumzaji wa Kiingereza, waliokuwa wakijiandaa kwenda Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, ambako vita vilivyoanza Oktoba 2017 vimewatoa watu wengi makwao. Sentensi zenyewe zilikuwa za kila siku. "Please sit down." "Wait here." "Open your mouth." "Where does it hurt?" Mimi ni mwanafunzi wa uzamili wa historia, na nimezoea kuhangaika na ripoti za wakoloni ambazo sentensi moja hujaza nusu ukurasa. Kazi hii niliimaliza kwa jioni mbili, nikajiona nimelipwa bure.

Kireno changu kina vyanzo viwili. Cha kusoma nimekipata kwenye hati za utafiti wangu. Cha kusema nimekipata kwa rafiki yangu wa Maputo, niliyekaa naye chumba kimoja hosteli kwa miaka miwili. Huyo ndiye aliyenifundisha kuomba chumvi, kulalamikia joto na kubishana juu ya mpira. Tuliitana tu, yaani "wewe" ya watu walioshibana. Kwa hiyo nilipoandika kijitabu, niliandika kama ninavyosema: senta-te, espera aqui, abre a boca.

Wiki iliyofuata nilikwenda nyumbani Mtwara. Babu, kaka yake bibi yangu mzaa mama, alizaliwa ng'ambo ya Ruvuma, upande wa Mueda, akavuka kuja huku akiwa kijana, akafanya kazi kwenye mashamba ya mkonge. Sijawahi kumsikia akisema Kireno, ila najua anakisikia. Jioni, baada ya chakula, nikamwomba nimsomee kazi yangu. Nilitaka sifa, sitaficha.

Nilipofika espera aqui alininyanyulia mkono.

"Hapo. Rudia."

Nikarudia.

"Umemwandikia nani hayo?"

"Wagonjwa, babu. Watu waliokimbia vita."

Akanyamaza kidogo, kisha akanisimulia habari za kituo cha kuuzia pamba. Alikuwa mtoto wa miaka kumi hivi, amefuatana na baba yake, kila mmoja na mzigo wake kichwani. Bwana wa mizani alikuwa Mreno kijana. "Baba yangu alikuwa na mvi," alisema. "Yule alikuwa na umri kama wako. Akamwambia, espera aqui, rapaz. Tukasimama juani mpaka alasiri." Rapaz ni mvulana.

Nikajitetea kwamba ni Kireno sahihi.

"Najua ni sahihi," akasema. "Yule naye alikuwa anasema Kireno sahihi."

Usiku ule sikulala vizuri, kwa sababu kosa lenyewe nilikuwa nalijua. Kwa Kireno cha Ureno, na kile kinachofundishwa shule za Msumbiji, ukimwambia rafiki au mtoto asubiri unasema espera. Ukimwambia mtu unayemheshimu, au usiyemjua, unasema espere. Tofauti ni irabu moja. Kwenye kitenzi cha kufungua irabu hizo hubadilishana: abre kwa wa karibu, abra kwa heshima. Kuuliza panapouma ni onde te dói kwa mtoto, onde lhe dói kwa mzee. Yote hayo nilikuwa nimeyafaulu kwenye mtihani. Ila sentensi za Kiingereza zilizokuwa mbele yangu hazikuniuliza mgonjwa ana umri gani, nami sikujiuliza.

Kiingereza kilikuwa na maneno mawili zamani. Thou ilikuwa ya mtu mmoja, na hasa wa karibu au wa chini; you ilikuwa ya wengi, baadaye ikawa pia ya mkubwa mmoja. Kufikia karne ya 18, thou ilikuwa imeshatoka katika mazungumzo ya kawaida ya watu wengi, ikabaki kwenye sala, mashairi na lahaja chache. Waingereza wakabaki na you kwa mfalme na kwa mbwa.

Kireno kilikwenda njia nyingine. Katika karne ya 14 na ya 15, mfalme wa Ureno aliitwa Vossa Mercê, yaani kama kusema "Fadhila Yenu". Wakuu wengine nao wakautaka ukubwa huo, mfalme akatafutiwa majina ya juu zaidi, na Vossa Mercê ikaanza kushuka ngazi: kwa mabwana, kwa wafanyabiashara, hadi kwa watu wa kawaida. Kadiri ilivyoshuka ndivyo ilivyofupishwa. Ikawa vossemecê, ikawa vosmecê, mwisho ikawa você. Leo Mbrazili anaitumia karibu kwa kila mtu. Ureno wapo wazee wanaokasirika wakiambiwa você na kijana. Watataka o senhor au a senhora, au jina lao litajwe kana kwamba anazungumzwa mtu wa tatu. Cheo cha mfalme kimegeuka neno la kuchunga midomo.

Sasa ingiza historia hiyo katika koloni. Kuanzia 1938 serikali ya Ureno ilisukuma kwa nguvu kilimo cha lazima cha pamba Msumbiji, na kaskazini ndiko kulikobanwa sana. Watu walilimishwa pamba badala ya chakula, wakaiuza kwa bei wasiyoipanga wao. Sheria ya indígenas iliwatenga Waafrika walio wengi na uraia mpaka ilipofutwa 1961. Katika utaratibu kama huo, tu ya bwana wa mizani ilikuwa sheria ile ile iliyofupishwa kuwa silabi moja. Aliyepaswa kuijibu alitakiwa kujibu kwa senhor. Wakongo waliyajua haya kwa Kifaransa: Patrice Lumumba, katika hotuba yake ya uhuru ya 30 Juni 1960, alipohesabu madhila ya ukoloni mbele ya mfalme wa Ubelgiji, alitaja pia kwamba mtu mweusi aliitwa tu, na si kwa urafiki.

Kwa hiyo tu yenyewe haina dhambi. Mimi na rafiki yangu tuliitana hivyo kwa miaka miwili na nilijiona ndugu. Kinachoumiza ni neno linalokwenda upande mmoja tu, lisilo na ruhusa ya kurudi.

Darasani tuliwahi kukicheka kitabu cha mazungumzo cha Kireno na Kiingereza kilichochapwa Paris mwaka 1855, kazi ya Pedro Carolino. Inaaminika Carolino hakujua Kiingereza. Alichukua kitabu cha Kireno na Kifaransa cha José da Fonseca, akafasiri Kifaransa kwa kamusi, neno kwa neno. Kiingereza kilichotoka kilikuwa cha ajabu mno hata Mark Twain akakiandikia utangulizi toleo la Marekani la 1883, na watu wamekicheka tangu hapo. Nami nilicheka mpaka machozi. Lakini Carolino alikosea kila kitu, na sidhani kama kuna mzee aliyenyamazishwa na sentensi zake. Mimi sikukosea sarufi hata mara moja.

Asubuhi nilimpigia rafiki yangu wa Maputo. Alicheka, kisha akaniuliza swali moja: "Wewe kwa Kiswahili ungemwambia babu yako 'kaa'?" Hasha. Ningemwambia, "Karibu kiti, babu." Subiri na kaa za Kiswahili hazibadiliki kwa umri wa mtu, lakini sisi huzitangulizia shikamoo, babu, mama, naomba. Akaniambia kwao ni hivyo hivyo. Msumbiji mtu mzima usiyemjua unaweza kumwita papá au mamã, hata kama hamna undugu. Vitabu vyangu vya sarufi havikunifundisha hilo, nami nililikulia upande wa pili wa mto.

Nikaandika upya kijitabu chote. Papá, sente-se, por favor. Mamã, espere aqui, por favor. Mwanzoni nikaweka maelezo kwamba wagonjwa wengi watataka Kimakonde, Kimakua au Kimwani, na kwamba mkalimani aulizwe namna ya kuwaita wazee.

Kisha nikarudi kwa babu na karatasi zangu. Alisikiliza mpaka mwisho, macho kwenye mwembe.

"Hapo sawa," akasema. "Na mgonjwa, umemwandikia cha kusema?"

Nikapekua kurasa zote 12. Sentensi zote zilikuwa za mgeni: kaa, subiri, fungua, nyoosha mkono. Mgonjwa alikuwa ameachiwa ndiyo na hapana.

Nikawaandikia walionipa kazi, wakakubali kuongeza ukurasa mmoja. Sentensi ya kwanza alinipa babu kwa Kiswahili: "Niambie kwanza unachotaka kufanya." Nikamuuliza kama niiandike kwa diz au kwa diga, maana sasa anayesema ni mzee na anayeambiwa huenda ni kijana.

"Weka ya heshima," akasema. "Sisi si bwana wa mizani."

Nikaandika: Diga-me primeiro o que vai fazer.