Akina Mama 945

Kabianga, kila kilo ya majani ya chai ina karatasi yake. Mkulima anapeleka majani kituoni, mizani inasoma, risiti inatoka, na bonasi ya mwisho wa mwaka ikija anaweza kugombana na kiwanda hadi shilingi ya mwisho kwa sababu ushahidi anao. Hata saa ya mtu kuzaliwa imeandikwa, tena mahali ambapo mchwa hawafiki: kwenye jina. Ukisikia Chepkoech, unajua alizaliwa alfajiri. Kiprotich alikuja ng'ombe wakirudi nyumbani. Chepkemoi ni wa usiku. Sasa uliza ni wanawake wangapi wa hapa walikufa kwa sababu ya mimba au kujifungua mwaka jana. Hapo karatasi zinaisha.

Si kwamba Kericho haijui kuhesabu. Mkoloni alimhesabu Mwafrika vizuri sana alipotaka kodi ya nyumba, na alipotaka vibarua akamvisha mwanaume kipande shingoni. Kifo cha Mwafrika kilikuwa jambo lingine. Sheria ya kuandikisha vizazi na vifo ilipitishwa mwaka wa 1928, lakini kwa miaka mingi lazima hiyo ilikuwa ya Wazungu na Wahindi. Waafrika waliingizwa polepole, wilaya kwa wilaya, na nchi nzima ikafikiwa mwaka wa 1971. Yaani bibi yako akifa uzazini miaka ya hamsini, serikali haikuwa na shimo la kujaza kwenye fomu, maana fomu yenyewe haikuwepo.

Halafu kuna hii, ambayo kwangu ndiyo kiini cha mambo yote. Kampuni ya Brooke Bond ilikuwa na hospitali yake Kericho, ikihudumia wafanyakazi wa mashamba ya chai na familia zao, watu kama 50,000 hivi. Kuanzia katikati ya miaka ya sitini hospitali hiyo ilitunza rekodi za wagonjwa wa malaria mwezi baada ya mwezi, kwa zaidi ya miaka thelathini. Zilikuwa safi kiasi kwamba mwaka wa 2002 wanasayansi walizitumia katika jarida la Nature kubishana kama joto la dunia ndilo lililoleta malaria milimani. Dunia nzima ilisoma homa za wachuma chai wetu. Na ni rahisi kuona kwa nini zilitunzwa: mtu mwenye malaria hachumi. Siku yake ya ugonjwa ina bei.

Mmoja wa wanasayansi waliozichambua rekodi hizo ni Robert Snow. Kumbe jina lake liko pia mahali pengine kabisa. Mwaka wa 1989 yeye, Wendy Graham na William Brass walichapisha mbinu ya kukadiria vifo vya uzazi katika nchi zisizo na rekodi, baada ya kuijaribu Gambia. Wakaiita mbinu ya udada. Unabisha hodi kwa mtu, unamuuliza: dada zako waliofikia utu uzima ni wangapi? Nani yuko hai? Aliyekufa, je, alikuwa mjamzito, au anajifungua, au ametoka kujifungua? Basi. Mahali ambapo serikali haikuandika, dada anakumbuka. Mtu yuleyule, basi, kwa malaria ya Kericho alikuta madaftari. Kwa akina mama waliokufa ilibidi yeye na wenzake waegemee kumbukumbu za ndugu.

Haraka ya kutafuta mbinu hiyo ilikuwa na sababu. Mwaka wa 1985 Allan Rosenfield na Deborah Maine waliuliza katika jarida la Lancet mama amepotelea wapi katika miradi ya afya ya mama na mtoto, maana pesa zote zilimfuata mtoto. Februari 1987 mkutano wa kimataifa ukafanyika hapa kwetu, Nairobi, ukazindua kampeni ya uzazi salama. Takwimu iliyotajwa ni kwamba wanawake nusu milioni hufa kila mwaka duniani. Nayo pia yalikuwa makadirio. Kenya ikawa mwenyeji wa mkutano kuhusu vifo ambavyo yenyewe haikuwa ikivihesabu.

Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka wa 1998 ndio ulioleta maswali ya ndugu katika nyumba zetu. Jibu: vifo 590 kwa kila vizazi hai 100,000. Mwaka wa 2003 ikawa 414. 2008 hadi 2009, 488. Mwaka wa 2014, 362, na wanasiasa wakashangilia, maana huduma ya kujifungua bila malipo ilikuwa imetangazwa Juni 2013. Lakini soma ripoti yenyewe. Hiyo 362 inaangalia miaka saba iliyopita, kwa hivyo sehemu kubwa ya vifo hivyo vilitokea kabla ya huduma hiyo kuwepo. Na ukweli ungeweza kuwa popote kati ya 254 na 471, wakati ule wa kabla yake ulikuwa kati ya 333 na 643. Ukiziweka pamoja zinapandana. Huwezi kuapa kwamba kitu kimeshuka.

Sensa ya 2019 ikasema 355. Umoja wa Mataifa, kwa hesabu zake za mwaka wa 2020, ukasema 530. Nchi moja, karibu mwaka mmoja. Mimi nimeacha chuo lakini hesabu hii naiweza: kwa watoto takriban milioni 1.5 wanaozaliwa kila mwaka, tofauti ya namba hizo mbili ni wanawake zaidi ya 2,500.

Ndiyo maana namba ninayoiheshimu ni ndogo na haina makadirio ndani yake. Kenya iliingiza mfumo wa DHIS2 nchi nzima mwaka wa 2011, hospitali zikawa zinatuma hesabu zao kwa intaneti. Mwaka wa 2014 mfumo huo ulipokea vifo vya uzazi 945. Ukichukua ile 362, tulitarajia zaidi ya 5,000. Kwa kila watano waliokufa, hata mmoja kamili hakuonekana.

Kati ya hao 945, mafaili 484 yalipelekwa kwa uchunguzi wa siri, wa kwanza nchini, ulioigwa kutoka Uingereza ambako umefanywa tangu 1952. Jina la mama linafutwa, la daktari linafutwa, la hospitali linafutwa, kisha madaktari na wakunga wengine wanasoma kilichotokea saa kwa saa. Ripoti ilitoka 2018. Karibu wanne kati ya kumi walikufa kwa kuvuja damu. Na zaidi ya tisa kati ya kumi walipata huduma iliyopungua kiwango, ambayo ingekuwa tofauti, labda wangeishi.

Hiyo namba ya mwisho haiwezi kutoka kwa dada, hata awe na kumbukumbu ya tembo. Inatoka kwenye faili, na faili inahitaji mtu aliyeandika.

Siri ile naielewa. Nesi akijua atafungwa, hataandika kitu, na mtabaki bila faili wala ukweli. Lakini siri ina bei, na anayeilipa ni familia: wanaojua kwamba kifo kingeweza kuzuilika ni watu wa kamati, na mume aliyebaki na kichanga haambiwi.

Na bado kuna wale ambao hawana faili. Kifo cha uzazi kinahesabiwa hadi siku 42 baada ya mimba kuisha. Mama akitoka wodi ya wazazi ni mzima, kisha siku ya 30 akafia wodi ya kawaida kwenye hospitali nyingine, nani ataunganisha? Msichana aliyetoa mimba kisirisiri, nyumbani watasema tumbo lilimuuma. Akifia hospitalini, daktari anajaza fomu ya D1 na kuandika sababu. Akifia nyumbani ni fomu ya D2, na anayeandika ni naibu wa chifu, ambaye hajasomea udaktari na ana foleni ya watu mlangoni.

Mwaka wa 2022 asilimia 82 ya watoto walizaliwa hospitalini au zahanati, kutoka 43 miaka kumi na tatu kabla yake, kwa hivyo mafaili yanaongezeka. Tangu 2023 wahudumu wa afya ya jamii wamepewa simu za kurekodi nyumba kwa nyumba. Mwongozo unasema kifo cha kijijini kiripotiwe ndani ya saa 48. Mvua ikinyesha Kabianga, na hunyesha karibu kila alasiri, kuna njia ambazo pikipiki haipiti saa hizo. Lori la chai hupita, maana majani yakilala yanaharibika.