Ijumaa Kuu ya 2021: Siku Bando Lilipokonda, Tukapiga Kelele, Likarudi (Halafu Likakonda Tena)

Leo naomba tukumbushane kitu, maana naona wengi tushasahau, na wadogo zetu walioanza kumiliki simu juzi hawajui kabisa. Naongelea ile siku ambayo nchi nzima iliamka, ikapiga menyu ya kununua bando, ikakuta maajabu.

Ilikuwa tarehe 2 Aprili 2021, Ijumaa Kuu. Kumbuka nchi ilikuwa bado kwenye maombolezo, rais aliyefariki Machi 17 alikuwa amezikwa wiki moja tu nyuma. Watu wako nyumbani, hakuna kazi, simu ziko mkononi. Yaani kama kuna siku mbaya ya kugusa bando la Mtanzania, ni ile.

Mimi niliamka na buku moja kwenye simu. Buku yangu naijua: inanibeba siku nzima, napandisha stori mbili na picha zake, jioni nabaki na za kuchati. Nikapiga menyu kama kawaida. Nikaangalia MB nilizoandikiwa nikadhani nimebonyeza kifurushi cha jero kimakosa. Nikarudi mwanzo. Hapana, ni cha buku. MB hazifiki hata nusu ya nilizozoea. Mtandao wenyewe jina kapuni, ila siku ile wala haikuwa mmoja, maana nilitoa laini nikaweka nyingine na hali ikawa ileile.

Nikatoka nje nikamkuta dada mmoja jirani yetu, naye jina kapuni. Huyu anauza madera na vitenge kwa picha tu, hana duka wala meza. Anapiga picha, anapandisha, mteja anatuma hela, bodaboda anapeleka mzigo.

"Dada shikamoo. Bando lako leo limekuwaje?"

"Marahaba. We acha tu mdogo wangu. Nimepiga picha madera kumi na mbili, nimepandisha matano bando limekata."

Hapo ndipo nikaelewa kitu ambacho wale wanaosema "si mpunguze tu kuangalia video" hawakielewi. Mwenye duka Kariakoo analipa kodi ya fremu. Huyu dada kodi yake ni bando. Na kodi imepanda usiku, hajaambiwa na mtu.

TULIFIKAJE HAPO?

Turudi nyuma kidogo. Kabla ya 2009 intaneti ya kwetu ilikuwa inapita zaidi kwenye setelaiti, na ilikuwa ghali. Kaka zetu walikuwa wanaenda intaneti kafe, wanalipia nusu saa, wanafungua barua pepe moja ukurasa haujafunguka wote muda umeisha. Julai 2009 ndiyo nyaya ya chini ya bahari ya SEACOM ikawashwa na Dar es Salaam ikaunganishwa nayo, mwaka uliofuata ikaja nyingine ya EASSy. Njia ikawa pana, bei ikaanza kushuka.

Halafu zikaja simu janja za bei ya chini, na mitandao ikaanza kugombania vijana. Hapo ndipo tulipozaliwa sisi kimtandao. Kulikuwa na vifurushi vya chuo (hata sisi ambao chuo tumekiona kwa nje tulinunua), vifurushi vya usiku ambavyo vilitufanya tulale saa kumi alfajiri, na ofa za kila aina. 2015 ukaingia mtandao mpya wa wawekezaji kutoka Vietnam, vita ikachangamka zaidi. Kizazi chetu kikakua kikijua kwamba data inatakiwa kuwa rahisi.

Lakini kulikuwa na kero. Bando linaisha hujui limeishaje. Linakata katikati, simu inaanza kula salio la kawaida mpaka linabaki sifuri. Leo kifurushi kina MB hizi, kesho kina nyingine. Muda unaisha na MB zako mia tano zinazama hivihivi. Watu walilalamika sana, mpaka serikali ikasema sawa, mamlaka ya mawasiliano ishughulikie.

Na hapa ndipo penye utamu wa hii historia. Wiki chache kabla ya ile Ijumaa Kuu, mamlaka ilitoa masharti mapya ya vifurushi, na ukiyasoma mengi yalikuwa ya kumlinda mteja. Upewe taarifa matumizi yakifika asilimia 75 na yakifika asilimia 100. Uweze kumhamishia mwenzio MB. Usiingizwe kwenye bei ya nje ya kifurushi bila ridhaa yako. Mtandao usibadilishe kifurushi ovyo kabla ya miezi mitatu. Tarehe ya kuanza: Aprili 2.

Yaani ile siku ilitakiwa iwe sikukuu ya mteja! Tuliamka tunasubiri zawadi tuliyoiomba wenyewe, tukakuta na menyu mpya za bei zimeambatana nayo. Ndiyo maana hasira ilikuwa kubwa vile. Bei kupanda tumezoea, sukari inapanda, nauli inapanda. Kilichouma ni kupandishiwa siku uliyoahidiwa nafuu.

SIKU YENYEWE

Kilichofuata mnakijua mliokuwepo. Mtandaoni hapakuwa na stori nyingine. Wengine walikuja na utani, maana Mtanzania hata akifiwa lazima acheke kidogo. Wengine wakaja na matusi. Lakini kundi lililonivutia mimi ni la tatu: wale waliokuja na skrinshoti. Menyu ya jana upande huu, menyu ya leo upande ule, bei ileile, MB tofauti. Hakuna maneno mengi. Wanamtagi waziri, wanaitagi mamlaka, wanautagi mtandao wao.

Skrinshoti haibishaniwi. Ukisema "bando limepanda" mtu anaweza kukujibu kwamba unatumia vibaya, funga programu zinazojiendesha zenyewe. Ukiweka menyu mbili pembeni kwa pembeni, hana pa kutokea.

Na jibu lilikuja siku hiyohiyo. Wizara ikatangaza kusitisha bei mpya, mitandao ikaambiwa irudishe vifurushi vya zamani. Siku moja tu! Sijawahi kuona jambo la wananchi wa kawaida likijibiwa kwa kasi ile. Watu walishangilia kama timu yao imetwaa kombe. Mimi mwenyewe nilisherehekea kwa kununua bando la buku na kulimaliza kwa kuangalia watu wengine wakisherehekea.

Nikamwambia yule dada, "Umeona? Tumeshinda."

Akanijibu, "Wamesema wamefuta, au wamesema wamesitisha?"

Nilimuona mnoko. Kumbe ndiye aliyesoma tangazo vizuri.

BUKU ILEILE, MB ZINAKONDA

Sasa tuongee ukweli wadau. Baada ya ile siku bei haikupanda tena kwa kishindo. Kwa upande wangu nilichokiona kwenye simu yangu ni mambo ya polepole: kifurushi fulani nilichokizoea hakionekani tena kwenye menyu, kingine kimebadilishwa jina, kingine muda umeongezeka ila MB zimepungua. Buku ni ileile, ila mwaka baada ya mwaka inabeba kidogo. Hakuna siku moja ya kukasirikia, kwa hiyo hakuna aliyepiga skrinshoti.

Mwishoni mwa 2022 kelele zikarudi, watu wakisema vifurushi vimepanda tena. Safari hii hazikusitishwa kwa siku moja. Tulipewa maelezo: bei ya MB moja ndani ya kifurushi inatakiwa iwe kati ya shilingi 2.03 na shilingi 9.35, na mitandao ilikuwa bado iko ndani ya mstari huo.

Chukua kalkuleta tuhesabu pamoja. Kwa bei ya chini kabisa, 2.03, buku inakupa kama MB 492. Kwa bei ya juu, 9.35, buku hiyohiyo inakupa kama MB 107. Yaani kuna nafasi kubwa sana katikati, na mtandao unaweza kutembea humo ndani bila kuvunja sharti lolote. GB moja nzima inaweza kuwa kama shilingi 2,079 au ikawa kama shilingi 9,574, na zote ziko ndani ya mstari.

Nisiwe wa upande mmoja. Mitandao nayo ina hoja. Minara inakula umeme na mafuta, vifaa vinaagizwa kwa dola, kodi zipo, na ofa za kutupa zinaweza kumuua mshindani mdogo halafu mkubwa akabaki peke yake akapandisha anavyotaka. Ndiyo maana kunawekwa bei ya chini. Hilo nalielewa. Nisilolielewa ni kwa nini sisi wateja tuliondoka uwanjani dakika ya kumi baada ya kufunga goli la kwanza.

WENZETU SAUZI WALIFANYAJE?

Nimewaleta Sauzi kwa sababu walianza kama sisi, wakamaliza tofauti.

Septemba 2016 kule Afrika Kusini mtangazaji mmoja maarufu wa redio alianzisha hashitagi ya #DataMustFall. Jina lilifuata nyayo za wanafunzi wa vyuo, ambao mwaka mmoja kabla walipambana na ada kwa #FeesMustFall. Kelele zilikuwa kubwa kama zetu za Ijumaa Kuu, na mwezi huohuo bunge likaita wahusika kusikiliza. Bei haikushuka siku hiyo. Wala mwezi huo.

Ila hawakuondoka. Agosti 2017 Tume ya Ushindani ya kule ikafungua uchunguzi rasmi wa soko la data. Mwaka 2019 zikaanza kutumika kanuni za kumlinda mteja: taarifa za matumizi, kuhamisha data, kutoingizwa nje ya kifurushi bila ridhaa. Unaona? Mambo yaleyale ya kwetu. Halafu Desemba 2019 tume ikatoa ripoti ya mwisho, na humo ndani kuna jambo ambalo kila mnunuzi wa bando la jero anatakiwa alijue: anayenunua kidogokidogo analipa bei kubwa zaidi kwa kila MB kuliko anayenunua kifurushi kikubwa. Yaani maskini ndiye anayeuziwa ghali. Tume ikaitaka mitandao miwili mikubwa ishushe bei kwa asilimia 30 hadi 50.

Aprili 2020 mtandao mkubwa zaidi ukashusha GB moja ya mwezi kutoka randi 149 mpaka randi 99. Hiyo ni theluthi nzima imeondoka. Kutoka hashitagi mpaka bei kushuka ilipita miaka mitatu na nusu.

Sisi tulipata jibu ndani ya siku moja, likawa la kusitisha. Wao walisubiri miaka mitatu na nusu, wakapata namba mpya kwenye menyu.

SASA TUFANYEJE?

Mimi sio mchumi, nimeishia form four, ila haya nimejifunza kwenye hii historia.

Kwanza, acha kuangalia bei ya kifurushi, angalia bei ya MB. Gawa hela kwa MB, dakika moja tu. Jaribu leo: hesabu kifurushi chako cha jero, halafu hesabu cha elfu kumi cha mtandao huohuo. Ukiona jero ndiyo ghali, karibu kwenye ile ripoti ya Sauzi.

Pili, piga skrinshoti ya menyu hata siku ambayo huna hasira. Tarehe moja ya kila mwezi, picha moja, weka pembeni. Siku mtu akikuambia "bei haijabadilika" una mwaka mzima mfukoni.

Tatu, lalamika kwa maandishi. Anza na mtandao wako, wakikuzungusha peleka mamlaka ya mawasiliano, na lipo pia baraza la ushauri la watumiaji wa huduma za mawasiliano ambalo kazi yake ni kututetea sisi. Posti yenye laiki elfu moja inasahaulika wiki ijayo. Lalamiko lililosajiliwa linabaki kwenye faili.

Yule dada bado anauza madera. Wiki iliyopita nilimkuta na daftari lake la hesabu: safu ya mtaji, safu ya bodaboda, safu ya bando. Ile ya bando ameiandika kila wiki tangu 2021, na pembeni yake MB alizopata. Nilimuomba nilipige picha akakataa, akasema hiyo ni siri ya biashara. Lakini aliniruhusu niangalie, na nilichokiona ni safu moja ya hela ambayo haibadiliki sana na safu nyingine ya MB ambayo inashuka kama ngazi.

Kama na wewe una skrinshoti ya zamani ya menyu yako, hata kama ni ya 2018, idondoshe hapo chini. Ficha namba yako tu. Mtandao jina kapuni, tarehe na MB zionekane. Tuzipange kwa miaka tuone.