Rangi, Zawadi na Duka: Wafumaji wa Shetland na Suala la Malipo, 1837–1922

1.0 Utangulizi

Visiwa vya Shetland viko kaskazini ya mbali ya Uskoti, kati ya Bahari ya Atlantiki na Bahari ya Kaskazini. Miti ni michache, upepo ni mkali, na malisho yake ni ya majani mafupi ambayo kondoo wadogo wa kienyeji wameyazoea. Katika karne ya 19 wanaume wengi wa visiwa hivyo walikuwa wavuvi au mabaharia. Wanawake walibaki na shamba, mifugo, watoto na sindano za kufumia.

Ufumaji unaozungumziwa hapa ni ule wa kushika uzi kwa sindano ndefu, kitanzi baada ya kitanzi, bila kitanda cha mfumi. Kazi hiyo ilikuwa na soko la zamani. Wavuvi wa Kiholanzi waliofuata samaki wa heringi kila kiangazi walinunua soksi kwa wenyeji, na mji wa Lerwick ulikua kutokana na biashara hiyo ya ufukweni. Kufikia katikati ya karne ya 19, shali za lesi kutoka Shetland zilikuwa zimeoneshwa katika Maonesho Makuu ya London ya mwaka 1851, nazo zilitafutwa na wanawake wa tabaka la juu.

Hata hivyo, sifa hiyo haikuambatana na fedha mkononi mwa mfumaji. Makala haya yanajadili sababu za hali hiyo kwa kufuatilia mambo matatu ambayo kazi ya mfumaji ilipitia: rangi, zawadi na duka. Hoja inayojengwa ni kwamba mfumaji alikuwa na uwezo wa kujiamulia pale alipomiliki sufu na maarifa ya kuitia rangi. Uwezo huo ulipungua kadiri mwenye duka alivyomiliki uzi, bei na aina ya malipo.

2.0 Sufu na Rangi: Maarifa Yaliyokuwa Nje ya Duka

Kondoo wa Shetland hutoa sufu ya rangi nyingi za asili: nyeupe, nyeusi, kijivu, na ile ya hudhurungi yenye wekundu ambayo wenyeji huiita moorit. Kwa desturi ya zamani, sufu haikukatwa kwa mkasi. Ilinyofolewa kwa mkono mwanzoni mwa kiangazi, wakati ambapo huachia mwili yenyewe. Sufu ya shingoni, iliyo laini kuliko zote, ilitengwa kwa ajili ya uzi mwembamba wa shali. Shali bora za kisiwa cha Unst zilisifiwa kwa kuweza kupitishwa katika pete ya ndoa.

Mahali ambapo rangi ya asili haikutosha, wanawake walitia rangi wenyewe. Malighafi yao kuu ilikuwa laikeni, yaani ukoga mkavu unaoota juu ya miamba. Aina moja ilibanduliwa, ikasagwa na kulowekwa kwa muda mrefu katika mkojo uliochacha, ikatoa rangi ya zambarau. Aina nyingine ilichemshwa pamoja na sufu ikatoa hudhurungi ya kuelekea chungwa. Shabu ilitumika ili rangi ishike. Nili kwa ajili ya buluu, na mizizi itoayo rangi nyekundu, ziliagizwa kutoka nje na kununuliwa.

Tofauti hiyo kati ya rangi ya mwambani na rangi ya kununua ina uzito katika mjadala huu. Rangi ya mwambani ilihitaji muda, subira na maarifa yaliyorithishwa na mama au bibi. Haikuhitaji ruhusa wala mkopo wa mtu. Rangi ya kununua ilimpeleka mfumaji dukani kabla hajaanza kazi.

Hali hii husaidia pia kutathmini simulizi maarufu kuhusu mapambo ya rangi nyingi ya kisiwa cha Fair. Mwaka 1588 meli El Gran Grifón, iliyokuwa katika msafara wa kivita wa Hispania, ilivunjika katika kisiwa hicho. Simulizi husema kwamba mabaharia waliookolewa ndio waliowafundisha wenyeji mapambo hayo. Hakuna ushahidi unaothibitisha dai hilo, na mapambo ya namna hiyo yanafanana zaidi na yale ya nchi jirani zinazozunguka Bahari ya Kaskazini na Bahari ya Baltiki. Jambo la kuzingatiwa ni athari ya simulizi yenyewe: inahamisha ubunifu wa vizazi vya wanawake na kuukabidhi kwa wanaume waliopita njia.

3.0 Zawadi kama Mlango wa Soko

Ndani ya jamii ya Shetland, kitu kilichofumwa kilikuwa kwanza zawadi au nguo ya nyumbani. Mtoto alifumiwa shali ya ubatizo, baharia alifumiwa soksi na sweta za safari, na mama alijifunga shali nzito mabegani alipokwenda kuchota maji. Thamani ya vitu hivyo ilipimwa kwa uhusiano wa anayetoa na anayepokea.

Wafanyabiashara walitambua mapema kwamba desturi hiyo ingeweza kufungua soko. Mwaka 1837 Arthur Anderson, mzaliwa wa Shetland aliyekuwa miongoni mwa waanzilishi wa kampuni ya meli ya P&O, alimpelekea Malkia Victoria soksi laini za Shetland. Malkia alipozipokea, bidhaa ya wakulima maskini ilipata heshima ya ikulu. Mbinu hiyo ilirudiwa katika karne iliyofuata. Mwaka 1921 James A. Smith, mwenye duka la nguo mjini Lerwick, alimpa Mwana wa Mfalme wa Wales sweta yenye mapambo ya Fair Isle. Mwaka 1922 Mwana wa Mfalme aliivaa hadharani katika uwanja wa gofu wa St Andrews, na mtindo huo ukaenea upesi miongoni mwa vijana wenye uwezo.

Katika matukio yote mawili, jina lililobaki katika kumbukumbu ni la mtoaji na la mpokeaji. Aliyefuma hatajwi. Zawadi ambayo nyumbani ilimtambulisha mfumaji kwa mpokeaji ilipofika ikulu ilimtambulisha mfanyabiashara.

4.0 Duka na Malipo kwa Bidhaa

Uhusiano wa mfumaji na duka ulichukua sura mbili. Wapo waliofuma kwa uzi wao wenyewe, kisha wakaipeleka kazi iliyokamilika dukani. Wapo pia waliopewa uzi na mwenye duka na kulipwa ujira wa kufuma tu. Sura hizi mbili zilitofautiana katika umiliki lakini zilifanana katika malipo, kwani kwa kawaida mfumaji alilipwa bidhaa: majani ya chai, vitambaa vya pamba na vitu vingine vya dukani. Asipohitaji kitu siku hiyo, aliandikiwa cheti cha kuja kuchukua bidhaa siku nyingine katika duka lilelile.

Mfumo huo ulichunguzwa kwa kina na tume ya William Guthrie, ambayo ilisikiliza mashahidi mwanzoni mwa mwaka 1872 na kuchapisha taarifa yake mwaka huohuo. Ushahidi uliokusanywa una thamani kubwa kwa mtafiti kwa sababu sauti za wafumaji wenyewe zimenakiliwa kwa mfumo wa maswali na majibu. Wanawake walieleza jinsi walivyobeba majani ya chai kutoka duka hadi nyumba za majirani wakitafuta wa kubadilishana nao kwa unga au viazi. Waliopanga vyumba mjini hawakuwa na cha kumlipa mwenye nyumba, kwa kuwa kodi hailipwi kwa kitambaa. Baadhi ya mashahidi walieleza kinaya cha hali hiyo: mwanamke aliweza kuonekana amevaa vizuri ilhali nyumbani chakula ni haba.

Ushahidi ulio mzito zaidi unahusu uzi. Mashahidi walieleza kwamba maduka yaliyokuwa tayari kulipia shali kwa chai hayakuwa tayari kutoa uzi kwa shali, kwani uzi ulihesabiwa kuwa bidhaa ya fedha taslimu. Maana yake ni kwamba mfumaji aliyekosa sufu ya kondoo wake mwenyewe hakuweza kutumia matunda ya kazi moja kuanzia kazi nyingine. Ili apate uzi ilimlazimu kupata fedha kwanza, na fedha ndiyo iliyokuwa haitolewi. Kilichobaki ni kupokea uzi wa mwenye duka na kufuma kwa ujira. Kwa njia hiyo duka lilimgeuza fundi anayejitegemea kuwa kibarua, bila amri wala mkataba.

Wenye maduka walikuwa na utetezi wao. Walidai kwamba bei waliyoitaja kwa shali ilikuwa ya juu kwa sababu faida yao ilitokana na bidhaa walizotoa, na kwamba wangelazimika kuishusha iwapo wangelipa fedha. Utetezi huo hauwezi kupuuzwa, maana soko la shali lilitegemea mitindo na baadhi ya bidhaa zilikaa bila mnunuzi. Lakini unathibitisha pia kwamba bei iliyotajwa haikuwa bei halisi. Mfumaji aliambiwa thamani moja na kupokea nyingine.

5.0 Sheria na Mipaka Yake

Sheria ya mwaka 1831 iliyokataza ujira wa bidhaa ilihusu kazi maalumu na watu walioajiriwa. Mfumaji aliyeuza shali yake mwenyewe alihesabiwa kuwa muuzaji, na muuzaji hana ujira wa kulindwa. Marekebisho ya mwaka 1887 yaliziba pengo hilo kwa namna ya pekee: mtu anayetengeneza nyumbani kwake, bila wasaidizi isipokuwa wa familia yake, nguo za kufumwa zenye thamani ya chini ya pauni 5, alihesabiwa kama mfanyakazi, na mfanyabiashara anayezinunua alihesabiwa kama mwajiri.

Kisheria hatua hiyo ilikuwa kubwa, kwa kuwa ilitazama hali halisi ya uhusiano badala ya jina lake. Kiutekelezaji ilikuwa dhaifu. Malipo kwa bidhaa yaliendelea hadi karne ya 20, kwa sababu mfumaji ambaye angemshtaki mwenye duka angekuwa anamshtaki mnunuzi wake wa kesho.

6.0 Hitimisho

Mjadala huu umeonesha kwamba umaarufu wa kazi ya mikono na ustawi wa anayeifanya ni mambo mawili yanayoweza kwenda njia tofauti. Maarifa ya rangi na sufu yalimpa mfumaji wa Shetland nafasi ya kuanza kazi bila deni. Zawadi kwa wakuu ziliongeza mahitaji ya kazi yake. Duka liliunganisha mambo hayo mawili, likabaki na fedha.

Kwa watafiti wa historia ya kazi za wanawake, kisa hiki kinapendekeza swali la kuulizwa mapema kabla ya lile la bei: je, fundi aliweza kuitumia kazi iliyokwisha kununulia malighafi ya kazi inayofuata? Mwaka 1872, kwa wafumaji wengi waliofika mbele ya tume, jibu lilikuwa hapana.