Kuacha Sigara na Hofu ya Kunenepa

AlhamduliLlaahi, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam).

Wako ndugu zetu wanaokiri kuwa sigara inawadhuru, lakini hawaiachi kwa kuchelea kitambi. Na wako vijana, wa kike na wa kiume, wanaoanza sigara za kielektroniki, wanazoziita vepu, wakitaraji zitawapunguza mwili. Tunaeleza hapa hali ilivyo, ili familia zipate la kushika.

Kwa nini mvutaji hali sana

Nikotini hukata hamu ya kula na huufanya mwili uunguze chakula kwa kasi kidogo. Lakini wembamba huo si siha. Mvutaji, hasa anayevuta sana, hurundika mafuta zaidi tumboni, na uvutaji humkaribisha mtu na kisukari. Vepu nyingi zina nikotini hiyohiyo. Ladha ya embe au ya mnanaa haiondoi uraibu.

Akiacha huwaje

Hamu ya chakula hurudi, na ulimi huanza tena kuonja sawasawa. Kwa wastani, aliyeacha huongezeka kilo 4 hadi 5 katika mwaka wa kwanza, nyingi ndani ya miezi 3 ya mwanzo. Wengine hawaongezeki, na wako wanaopungua.

Hukmu yake

Wanavyuoni wengi wa zama hizi wameharamisha sigara, akiwemo Shaykh Abdul-Aziz bin Baz. Mwaka 2000 Mufti wa Misri, Nasr Farid Wasil, alitoa fatwa kama hiyo. Hutegemea katazo la kujitia katika maangamizo (Al-Baqarah: 195). Nasi tunaona vepu yenye nikotini inaingia humo humo. Na kanuni ya fiqhi ni kwamba yakikutana madhara mawili, hubebwa lililo jepesi. Kilo 5 hupunguzwa kwa matembezi, lakini saratani ya mapafu haiondoki kwa matembezi.

Ya kufanya

- Katika Ramadhaan mvutaji hukaa saa 13 na zaidi bila ya sigara, basi kuacha anakuweza. Afungue kwa tende na maji, asifungue kwa moshi.
- Kiu ya sigara hupita baada ya dakika chache. Tia udhu, kunywa maji, shika mswaki ili kinywa kipate shughuli.
- Usijinyime chakula siku unayoacha. Punguza soda, chipsi na vitu vya sukari. Zidisha samaki, mboga na matunda, na kumbuka mafundisho ya Mtume ya kuacha theluthi ya tumbo kwa ajili ya pumzi.
- Tembea nusu saa kila siku, mfano baada ya Alasiri kutoka Mkunazini hadi Forodhani. Lakini mishkaki ikianza kuchomwa, urudi nyumbani!
- Mwenye kisukari, presha au mimba amuone daktari.

Nasaha kwa walio nyumbani

Msimcheke aliyeacha kwa kuwa kanzu imembana au baibui limekuwa dogo. Neno moja la kejeli laweza kumrudisha dukani kununua pakiti. Mwambieni amenawiri, nanyi mtakuwa mmesema kweli.

Wa-Allaahu A'lam.